Gari la Moshi Halikwepi

Koboko, West Nile
Jumapili, baada ya mvua

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Na wewe Dada Mwanaidi, najua ni wewe unayemsomea kwa sababu ya macho yake, kwa hiyo pokea salamu zako hapo hapo ulipo, kisha soma polepole. Barua hii nimeianza mara tatu, na mbili za kwanza nilizichana. Macho yanaendeleaje, Baba? Yale matone ya hospitali yalisaidia, au bado unamtambua mtu kwa sauti tu? Na Mama, kifua kimetulia sasa baridi imepungua? Sisi huku tu wazima, mimi, mkaza mwanao Zubeda na mjukuu wako Rehema, na habari kubwa ni ya huyo Rehema.

Najua mmeninunia. Miezi mitano bila hata mstari mmoja. Si kwamba nilisahau kwetu Voi, la. Nilikuwa sijui nieleze nini, na mengine mpaka leo sijui. Lakini nikizidi kunyamaza nitakuwa ninawaficha, na wewe hukunilea hivyo.

Mguu wa Rehema mnaujua kwa barua. Tangu ule ugonjwa wa kupooza ulipompata akiwa na miaka miwili, goti la kulia lilikunjika likabaki hivyo, na yeye hutembea ameinama, mkono mmoja umeshika paja. Sasa ana miaka minane. Mvua za kwanza zilipoanza, daktari wa mifupa kutoka Kampala alipita Arua kutazama watoto wenye viungo vibovu. Alimlaza mezani, akampapasa nyuma ya goti, akasema mishipa iliyofupika inaweza kukatwa na kurefushwa, kisha mguu utiwe plasta, kisha uvalishwe vyuma. Akaniandikia karatasi yenye siku ya kumpeleka. Alisema tushike treni Pakwach, daraja la pili, kwa sababu kuna vitanda mtoto alale, maana njia ya basi ni ya kutikiswa na kushushwa kwenye vizuizi kila mara. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mkataba wake unaisha, na hajui atakayekuja baada yake ni nani, au kama atakuja mtu.

Basi siku ilipofika tukaenda. Tulipanda lori la tumbaku mpaka Pakwach, Zubeda, mimi na mtoto. Rehema alikuwa hajawahi kuona reli maishani mwake. Huku Koboko mwisho wa magari ni malori. Tulipofika stesheni kichwa cha treni kilikuwa kinasogea kuungwa na mabehewa, kikatoa mvuke chini kwenye magurudumu, na mtoto akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Alinishika shingo mpaka pumzi ikanibana. Nikajaribu kumpandisha, akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili na ule mguu mzima akausukuma kwenye ngazi. Mimi na Zubeda tulimvuta, abiria wakatuzomea kwamba tunamtesa kilema. Mkuu wa stesheni akasema, "Bwana, treni haingoji." Na kweli haikungoja.

Baba, umefanya kazi ya reli miaka thelathini. Mwanao alisimama pale na tiketi tatu mkononi akiitazama treni inaondoka. Hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoichana.

Tuliporudi Koboko nilikuwa na hasira, nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharagwe na mama yake, nikamwuliza, si kwa ukali, nini hasa kilimwogopesha. Ule mvuke? Kelele?

Akasema, "Baba, lori ikikutana na lori nyingine, moja inaingia kwa majani. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hii gari ya moshi iko na barabara ya chuma tu. Ikikutana na ingine, itaingia wapi?"

Nikamwambia haikutani na nyingine. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mwongo. "Hiyo ingine inarudi wapi, kama haikutani?" Halafu akasema lile lililonikata maini. "Watu wote wataruka. Mimi siwezi kuruka."

Zubeda aliacha maharagwe akaingia ndani.

Nilimweleza kuhusu wewe. Nilimwambia babu yake ndiye alikuwa anafungua njia pale Voi, reli ya Taveta inapoachana na ya Mombasa, kwamba ukivuta mkono wa chuma, treni moja inaingia kando na nyingine inapita. Akauliza, "Anafungua aje? Na ufunguo?" Nikachora mavumbini kwa kijiti, kama ulivyokuwa ukituchorea kwa mkaa sakafuni kule landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alitazama kwa makini, kisha akasema, "Hii ni mistari tu."

Nilikwenda posta ya Arua nikapiga simu Kampala, nusu siku nzima, mpaka nikampata karani wa yule daktari. Akatupa siku nyingine, baada ya wiki nne. Akasema ndiyo ya mwisho. Nikaamua ndani ya wiki hizo nimtafutie mtoto gari la moshi la kuchezea, lenye reli, na lenye mahali pa kupishana. Nilidhani hiyo ndiyo kazi rahisi.

Sasa inabidi niwaeleze habari za duka. Mnakumbuka nilikuja Arua kumshonea Mzee Premji, na cherehani yangu imekaa barazani kwake miaka yote hii, nami hupanda lori kwenda na kurudi Koboko. Mzee Premji na watu wake waliondoka Wahindi walipoamriwa kuondoka. Duka likapewa mama mmoja, mke wa sajini, tunamwita Mama Zaituni. Si mtu mbaya, nataka mjue hilo. Alinikuta barazani na cherehani yangu akasema, "Fundi, wewe kaa. Mimi sijui watu, wewe unajua." Nami nikakaa. Lakini yeye alipewa duka zima na hajui nusu ya vitu vyake ni vya nini. Aliwahi kuuza mizani ya dawa kama pambo la mezani.

Nilipomwuliza kuhusu gari la moshi la mtoto, akanipeleka stoo ya nyuma, akashusha maboksi matatu yenye vumbi. "Hii yote iko na magurudumu," akasema. "Chagua."

La kwanza lilikuwa la mbao, kichwa na mabehewa mawili ya kuvuta kwa kamba, bila reli. Likikutana na kitu linapita popote kama mbuzi, kwa hiyo halikunifaa. La pili lilikuwa la bati, zuri, rangi nyekundu, linazungushwa ufunguo na kukimbia lenyewe. Reli zake zilikuwa duara moja tu. Nikaliendesha pale sakafuni, likazunguka, likazunguka, Mama Zaituni akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nikafikiria Rehema. Treni inayozunguka duara hairudi wala haikutani na mtu. Ingekuwa ule ule uongo niliokwisha kumwambia, ila umepakwa rangi.

La tatu lilikuwa la stima, la kuendeshwa kwa umeme. Hilo lilikuwa na kila kitu: reli za moja kwa moja na za kupinda, daraja, mlingoti wa ishara, na pembeni vipande viwili vya njia panda, Baba, vyenye mkono mdogo wa kuvuta, sawasawa na ule wako kama ungeutazama kwa darubini iliyogeuzwa. Ndilo hasa nililotaka. Lakini Koboko stima iko wapi? Hata Arua siku ile ilikuwa imekatika, sikuweza kujua kama linakwenda au limekufa. Niache la bati linalokimbia, nichukue lisilokimbia? Nilikaa kwenye gunia nikashindwa.

Na wakati huo huo akaingia Papa Mateso, mfanyabiashara wa kutoka mji wa Aru, ng'ambo ya mpaka, anayepitisha vitu kwenye kivuko cha mpakani cha Vurra. Akaliona lile la stima akaliinamia.

"Mama, hii minaitaka," akasema. "Minatoa nyaya yake, minatoa mashini. Redio ya mutu moja kule imekufa."

"Na hii reli?" nikamwuliza.

"Reli ni ya nini? Ntatupa."

Mama Zaituni akanigeukia. "Fundi, sema haraka. Wewe ama Papa?"

Nikasema ngoja nihesabu nione kama vipande vyote vipo. Kusema kweli nilikuwa natafuta muda tu. Nikaanza kutoa kimoja kimoja, na chini kabisa ya boksi, ndani ya kiberiti, nikakuta bendera mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, kila moja ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, zimepindwa ukingo kwa uzi na kutiwa kwenye njiti. Nilizitambua kabla akili yangu haijafika. Ule upindo ni wangu, Baba. Nilizishona mimi.

Mzee Premji alikuwa na mjukuu wa kike, Shirin, wa umri kama wa Rehema. Mchana duka likipoa alikuwa anakaa karibu na miguu yangu akiokota vipande vya kitambaa. Siku moja aliniomba nimshonee bendera za gari lake, nikadhani ni mchezo wa kuigiza, nikamshonea huku nacheka. Kumbe boksi lile halikuwa mali ya duka. Lilikuwa lake mwenyewe, limebaki kwa sababu walikwenda na walichoweza kubeba.

Nikamwambia Mama Zaituni, "Hili ni la yule mtoto."

Akatazama zile bendera kiganjani mwangu. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mutoto ilienda. Gari ilibaki. Mimi sikumufukuza mutu, Fundi. Walinipa funguo, wakasema fungua. Sasa nani atacheza? Papa ataipasua. Wewe unataka iende kwa nani?"

Nilisema, "Kwangu." Tukakubaliana nitawashonea watoto wake wote wanne sare za shule. Papa Mateso akatikisa kichwa, akachukua lile la bati.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nimeandika kama mtu aliyejua anachofanya, lakini nililibeba boksi lile mpaka Koboko kwenye lori nikiwa nimelifunika shuka, kama mtu aliyeiba.

Zubeda alijua mara moja kuna jambo. Nilipomweleza, akaweka chini bakuli. "Hii kitu iko na mwenyewe," akasema. "Watu walilia juu yake. Utaingiza kilio ya watu kwa nyumba ya mtoto mgonjwa?" Mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Midia, akaunga mkono, akasema heri lirudishwe. Nikauliza lirudishwe kwa nani. Siku nzima hakuna aliyeligusa.

Aliyelifungua ni Rehema mwenyewe. Nilimkuta kwenye mkeka ameunga reli zote, kosa hapa na pale, akinisubiri nimwambie ule mkono mdogo ni wa nini. Ulikuwa mgumu. Nikautia tone la mafuta ya cherehani, ukalegea. Hakukuwa na stima, akasukuma kichwa kwa kidole. Kwa kuwa kichwa kilikuwa kimoja tu, treni ya pili ilikuwa gunzi la mahindi.

Baba, siku tatu alifanya jambo moja tu. Alizigonganisha. Gunzi hapa, kichwa kule, zinasogea, zinasogea, pu! Anazirudisha, anazigonganisha tena. Mara nyingi sana. Mama mkwe alisema mtoto anajizoeza kufa, na mimi niliona nimeharibu kabisa. Nilisimama mlangoni nikitaka kumnyang'anya, nisijue kama kumnyang'anya ni kumwokoa au ni kumthibitishia hofu yake. Nikaacha, kwa kukosa la kufanya.

Siku ya nne aliniita. "Baba, kuja uone." Akalisogeza gunzi mpaka karibu na njia panda, akavuta ule mkono, gunzi likaingia kando. Kichwa cha treni kikapita. Akarudisha mkono, gunzi likatoka likaendelea na safari.

"Gari haiwezi kukwepa," akaniambia. "Mutu iko pale, anaikwepesha. Babu alikuwa hiyo mutu?"

"Alikuwa huyo."

"Hakulala?"

"Hakulala kazini hata siku moja," nikamwambia. Nisamehe kama nimeongeza chumvi.

Halafu akaokota zile bendera, akauliza ni za nani, kwa sababu si za mtu mkubwa. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia yote, kuhusu Shirin na baraza na kuondoka kwao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye anajua iko kwangu?"

"Hajui."

"Basi utamwambia," akasema, na akarudi kwenye gunzi lake.

Hilo nalo sijui nitalifanyaje. Sijui waliko. Wengine wanasema Uingereza, wengine Kanada. Dada Mwanaidi, pale Voi kuna lile duka la nguo karibu na soko, mwenyewe ni Mhindi na watu hawa hujuana. Mwulize taratibu kama amesikia habari za Premji wa Arua, mwenye mjukuu aitwaye Shirin. Usiseme ni mimi mpaka ujue anakupokeaje.

Na wewe Baba, nakuuliza kama mzazi: nilinunua au nilichukua? Zubeda amenyamaza tangu mtoto alipoacha kuogopa, lakini kunyamaza kwake si kuridhika, namjua. Mimi mara naona nilifanya vyema, mara naona aibu, na mara nyingine ni vyote viwili kwa saa moja.

Tulisafiri siku ile ya pili tuliyopewa. Pakwach Rehema alinishika shingo tena, lakini alipanda mwenyewe kwa magoti na mikono, hakutaka kubebwa. Kesho yake asubuhi, kwenye stesheni moja ndogo ambayo sikulipata jina lake, treni yetu iliingia kando ikasimama. Tukangoja. Nyingine ikaja kutoka mbele, ikatupita karibu hivi, dirisha kwa dirisha. Rehema alinishika mkono mpaka behewa la mwisho. Halafu akataka nimwinue dirishani amwone yule mtu. Alikuwepo, mzee mwenye koti lililochanika, ameketi kwenye jiwe anakula muhogo. Rehema akampungia kwa nguvu zote. Mzee hakumwona. Aliendelea kula. Mtoto hakujali hata kidogo, alipunga mpaka tukaondoka.

Alipasuliwa, na daktari yule akaondoka nchini mwezi uliofuata. Plasta ilikaa wiki nyingi. Sasa tumerudi nyumbani na amevalishwa vyuma vyenye mikanda ya ngozi, kimoja nimekirekebisha mwenyewe kwa kuwa kilimchuna. Goti limenyooka, Baba. Mguu ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na wanasema utabaki hivyo, lakini umenyooka.

Juzi jioni alisimama mlangoni. Mama yake alikuwa upande mmoja, mimi mwingine, nimemshika kwapani kama tulivyofundishwa hospitali. Akaenda hatua moja, ya pili. Kisha akasema, "Baba, toa mkono." Sikutoa. Akasema tena, "Toa." Nikatoa, na hiyo mikono yangu, inayojua kutunga uzi gizani, sikujua niipeleke wapi. Niliiweka kichwani, nikaishusha, nikaishika nyuma. Alikwenda hatua sita mpaka kwenye mtungi wa maji, akaugusa, akageuka kunitazama kuona kama nipo.

Nisalimieni Mama sana, mwambieni kitambaa nilichomwahidi kipo, nangoja mtu mwaminifu anayeshuka Kenya. Nisalimieni shemeji yangu, mume wa Dada, na wanawe. Msalimieni mjomba mwenye duka la chai, na yule mzee mwenzako wa reli, jirani wa landi, mwambieni nimemtaja kwa mtoto pia. Zubeda anakuamkia. Mama mkwe anasema wazazi wa mkwewe ni wazazi wake. Rehema alitaka niandike kwamba anakuuliza kama mkono wa kule Voi ulikuwa mzito, na ulikuwa ukiuvuta kwa mkono gani. Mjibu yeye, si mimi.

Naweka kalamu chini, kichwa changu bado kimevurugika, ila moyo umepumua.

Ni mimi mwanao, mshona nguo wa mbali,
Hamisi